Mjuaji Kawakataa Samaki Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha kaniambia: mama, ukipandwa na hasira usipige kelele, andika. Haya, naandika. Daftari la oda la mwaka juzi, kurasa za nyuma ziko tupu. Na leo nimepandwa mpaka kope zinanicheza.

Meneja katuita jikoni wote. Wapishi wa zamu, waosha vyombo, hata Bwana Stoo na miwani yake iliyofungwa uzi. Akatoa simu mfukoni utadhani anatoa pete ya uchumba. Kuna programu mpya, anasema, inaitwa Samaki Kijani. Kuanzia leo hakuna samaki atakayevuka mlango wa nyuma wa hoteli hii kabla hajapigwa picha na programu. Ikiwaka kijani, anaingia. Njano, aulizwe yeye Meneja. Nyekundu, arudi alikotoka. Bahari inaisha samaki, anasema, na wageni siku hizi wanauliza. Tukishika kijani miezi mitatu tutapewa cheti cha kutundika mapokezi.

Bwana Stoo akaninong'oneza: samaki akishakuwa kijani huyo si wa kupika, ni wa kuzika. Nikaangua kicheko. Meneja akanikazia macho mimi. Si Stoo — mimi!

Miaka kumi na tisa niko kwenye meza ya samaki ya jiko hili. Jina langu la humu ndani ni Mama Kisu, na sikujipa mwenyewe. Samaki namjua kwa kumgusa shavu. Leo nifundishwe na simu!

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima imekwenda na paswedi. Niweke herufi kubwa. Nimeweka. Niweke namba. Nimeweka. Niweke alama. Alama gani, ya mkasi? Nikamaliza, ikaniambia paswedi mbili hazifanani. Nikarudia. Ikaniambia nimejaribu mara nyingi mno, nipumzike dakika kumi na tano. Nipumzike! Oda ya watu sitini iko ukutani na simu inanipa mapumziko!

Halafu ruhusu kamera. Ruhusu mahali ulipo. Ruhusu majina ya watu kwenye simu yako. Shangazi yangu na fundi wangu wa cherehani wanahusiana nini na samaki?

Jikoni mtandao haufiki. Basi natoka nje, nasimama kwenye mapipa ya taka, simu mkono huu, samaki mkono huu, paka watatu miguuni. Picha ya kwanza: "Samaki hatambuliki." Ya pili: "Samaki hatambuliki, jaribu kwenye mwanga." Jua la saa tano linaniunguza utosi, mwanga gani tena? Ya tatu kidole changu gumba kikaingia kwenye picha. "Pweza. Njano. Tumia kwa uangalifu."

Kidole changu! Bwana Stoo kashinda akiniita Mama Pweza. Kila akipita: tumia kwa uangalifu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipa programu jina langu mwenyewe: Mjuaji. Samaki Kijani aitwe na mama yake.

Saa mbili wifi kaja mlango wa nyuma na ndoo zake mbili, kama kila siku. Wifi yangu huyu ni mke wa mdogo wangu. Na mdogo wangu ni mvuvi wa mshipi — ndoana moja, chambo kimoja, samaki mmoja. Hajatupa wavu tangu azaliwe. Yeye anavua, mkewe anauza sokoni, meza namba saba, na ndoo mbili kati ya tatu zinakuja kwangu. Tangu mwisho wa mwaka jana ananiletea minofu tayari. Kichwa hakuna, mifupa hakuna, imeoshwa na kupangwa. Wala sikumwomba. Alisema wifi, na miguu yako hiyo inayovimba, acha nikupunguzie kazi. Nani mwenye wifi kama huyo?

Nikaupiga picha mnofu. Mjuaji: "Samaki hatambuliki. Weka samaki mzima, kichwa hadi mkia." Nikaandika kwa mkono: chewa. Mjuaji akazunguka, akazunguka. "Chanzo hakijulikani. Epuka." Nyekundu skrini nzima, kama nimeua mtu.

Chanzo hakijulikani? Chanzo nimekibeba mgongoni mimi! Nimekiogesha, nimekifuta kamasi, nimekipeleka shule kikilia!

Halafu nikapiga picha katoni la friza. Limetoka bahari ambayo Bwana Stoo na miwani yake hakuweza kuitamka. Limekaa melini wiki ngapi sijui. Ndani mnofu mgumu kama kandambili. Mjuaji: kijani! Baluni zikaanza kudondoka kwenye skrini. "Hongera! Leo umeiokoa bahari!" Kisa katoni lina ile mistari myeusi ya kusomwa na simu.

Nikampandia Meneja ofisini na aproni yenye magamba. Akasema sheria ni sheria, Mama Kisu. Ila kwa kuwa ni wewe, wifi yako nampa hadi mwisho wa mwezi. Akiwa bado mwekundu, tunaagiza katoni.

Niliporudi wifi alikuwa bado mlangoni. Nilimweleza. Akaniuliza kwa sauti ndogo: mwisho wa mwezi huu huu? Pale sokoni meza ikikaa wiki tatu bila mali, kamati inampa mwingine, na wanaosubiri ni foleni. Bila hoteli hii meza namba saba hana. Na wanangu wa kwa mdogo wangu, wote wanne, wanakula kwenye meza ile.

Sitakubali. Wallahi sitakubali.

Ijumaa, 7 Machi

Malalamiko ya kwanza nimetuma. Kuna mahali pameandikwa "Tuambie unavyojisikia" na vichwa vitano vya katuni, kimoja kinacheka, kimoja kinalia. Hakuna kinachotukana. Nikabonyeza kinacholia nikaandika chini yake mistari tisa. Jibu likaja kabla sijatoa kidole: "Asante! Maoni yako ni muhimu kwetu." Umesoma saa ngapi, muongo mkubwa wewe?

Na fundi wa friji naye! Nimemwita mara ya tatu. Minofu inalegea, namwambia, ikifika saa sita mchana imekuwa uji, friji lako halipoi. Akatia kipimajoto, akasema friji zima, mama, labda samaki. Labda samaki! Samaki wa leo asubuhi wa mdogo wangu! Nikamwambia achukue mkoba wake na kipimajoto chake aende zake. Mtu akishindwa kazi, lawama kwa samaki.

Presha leo sijapima. Naogopa mashine itapasuka.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba wifi alete samaki mzima, walau mmoja, nimpige picha. Akacheka. Wifi, nikubebee matumbo na magamba hotelini, watu waseme nakuletea taka? Nikamwambia ni Mjuaji ndiye anayetaka. Akasema basi akitaka kichwa, nitamletea kichwa.

Leo kaleta kichwa kimoja. Kichwa peke yake, kwenye mfuko.

Basi nikapanga kwenye sinia. Kichwa huku, minofu miwili katikati, mkia wa samaki mwingine kabisa kule. Nikaziba maungio kwa majani ya saladi. Bwana Stoo kashika sinia juu ya mapipa, mimi juu ya ngazi. Mjuaji kafikiri sana. "Samaki wawili wametambuliwa. Mmoja ni kamba."

Tulicheka hadi Stoo akaangusha sinia. Paka wakapata.

Lakini mchana nikaingia kwenye ukurasa wa kueleza samaki kavuliwaje, na kicheko chote kikanitoka. Machaguo manne. Wavu wa kukokota. Wavu wa kuzungusha. Kufugwa. Sijui. Basi! Mshipi haumo! Uvuvi ulioanza kabla mtu yeyote hajajua kusuka wavu, haumo! Mtu anakaa peke yake majini na uzi, anachukua samaki wake watano anarudi nyumbani — huyo ndiye anayemaliza bahari? Na wewe uliyetengeneza programu, umewahi kulowana hata viatu?

Malalamiko ya nne. Kichwa kinacholia. "Asante! Maoni yako ni muhimu kwetu."

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilibonyeza "Kufugwa". Kujaribu tu. Kijani! Baluni! Eti mdogo wangu anafuga chewa kwenye beseni.

Bwana Stoo akasema iache hivyo, Mama Kisu, simu haina macho, Meneja anataka rangi tu. Kweli anataka rangi tu. Nikakaa nayo dakika nzima, kidole juu ya skrini. Kisha nikafuta. Nikamwambia Stoo mimi na uongo hatujawahi kusalimiana, na uzee huu sitaanza. Kama samaki wetu ni wa haki, aingie kwa haki yake, mlango wa mbele, akipepea mkia.

Stoo akasema samaki hapepei mkia, mbwa ndiye. Nikamfukuza.

Jumatatu, 17 Machi

Mjuaji kajisasisha usiku, kafuta kila nilichoandika. Kila kitu! Anauliza upya jina langu. Anasema: "Karibu, rafiki mpya wa bahari!"

Nimetupa simu kwenye gunia la vitunguu. Nikaitoa. Nikakaa nikaandika barua, si ya vichwa vya katuni, barua ya kalamu na karatasi, nikaipiga picha nikaituma. Malalamiko ya kumi na moja. Nimeinakili hapa ili siku nikifa wajue nilipigana:

"Mimi ni mpishi wa samaki, mwaka wa kumi na tisa. Nathibitisha kwamba samaki wa meza namba saba wanavuliwa kwa mshipi, mmoja mmoja, na mdogo wangu wa tumbo moja. Nawajua kama ninavyozijua nyayo zangu. Programu yenu haiwajui kwa sababu haijawahi kuwauliza wanaojua. Inasema chanzo hakijulikani. Mimi nakijua. Niulizeni mimi."

Nikatia sahihi na namba ya simu. Nikajisikia vizuri kama niliyetapika.

Jumatano, 19 Machi

Barua haijajibiwa. Meneja kapita na makatoni mapya, anahesabu siku kwa vidole mbele yangu. Wageni wanne wamerudisha samaki wa katoni. Nimewaonyesha wote jikoni sahani zilizorudi. Hakuna aliyetazama.

Jumamosi, 22 Machi

Wamepiga simu! Mtu! Mtu mwenye koo, anayepumua! Mwanamke, sauti ya upole. Kasema yeye ndiye mkuu wa hiyo programu na barua yangu imesomwa mbele ya kikao chao kizima. Kasema una haki mama, tulikosea, mshipi tumeuweka. Na zaidi ya hapo wameanzisha kitu kipya: mpishi anayemjua mvuvi anaweza kuwa shahidi wake. Shahidi wa kwanza ni mimi. Jumatano anakuja mwenyewe. Nipige picha samaki sita wazima, nithibitishe kwa jina langu, na meza namba saba itawaka kijani. Meza ya kwanza ya kijani soko zima!

Nimecheza jikoni. Na miguu hii! Meneja kashuka kuuliza kulikoni, nikamzungusha naye. Leo Mjuaji kapiga magoti mbele ya Mama Kisu!

Nikampigia wifi. Nilitegemea vigelegele. Akasema tu asante wifi, Mungu akuweke. Lakini lazima waje na mifupa yao?

Lazima, nikamwambia. Na nianze kuwaona Jumatatu, nifanye mazoezi ya picha kabla mgeni hajafika, nisije nikaaibika. Akasema haya.

Jumatatu, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wifi hakuja mwenyewe. Kamtuma mbeba mizigo wa sokoni na ndoo. Chewa sita na changu watano, wazima. Nje wazuri, wanang'aa. Nikawapiga picha wote, Mjuaji akatambua kumi kati ya kumi na moja, nikawa naimba. Kisha nikachukua kisu kumpasua wa kwanza, maana baada ya picha ni chakula cha wageni.

Kisu kikaingia bila kazi. Mfupa wa mgongo ukatoka vipande vitatu. Umevunjika ndani kwa ndani, ngozi haina hata mkwaruzo. Damu imeganda kando ya uti. Mbavu zimeachana na nyama, zinatoka zenyewe kwa kidole. Kifuko cha hewa kimepasuka.

Nikapasua wa pili. Wa tatu. Wote kumi na moja. Nikarudi kwenye vichwa, nikafungua midomo mmoja mmoja, natafuta tundu la ndoana. Midomo mizima kama ya siku walipozaliwa. Hakuna hata mmoja aliyeonja ndoana.

Baruti. Samaki wa baruti. Mtu anatupa moto majini, kila kilichopo kinakufa, wakubwa na vitoto na mawe wanayotagia, kisha anaokota wa kuuza anaacha wengine wazame. Mpishi anayejua kazi anamjua samaki huyo gizani. Nyama inalegea upesi, ikifika mchana imekuwa uji.

Imekuwa uji! Na mimi namtukana fundi wa friji! Yule baba wa watu na kipimajoto chake alisema labda samaki, nikamfukuza kama mbwa.

Miezi mitatu nimeletewa minofu isiyo na mfupa, nikasema nani mwenye wifi kama huyo. Miezi mitatu nimewalisha watu. Mjuaji alisema hajui. Mimi ndiye niliyesema najua, nikatia sahihi na namba ya simu.

Nyani haoni kundule. Nimewatupa wote kumi na moja. Stoo aliniona, nikamwambia wameoza. Kumbe mimi na uongo tumeshasalimiana.

Jumanne, 25 Machi

Nilimsubiri wifi kwenye mapipa tangu saa moja. Nilikuwa nimejipanga maneno usiku kucha, makali yote. Nikamwekea vipande vya mfupa kwenye sinia. Akaviangalia.

Kwanza akasema pengine wameangushwa na mbeba mizigo. Nikamwambia wifi, unaongea na mimi. Unaongea na Mama Kisu.

Basi akaweka ndoo chini na hasira zikamtoka yeye, si mimi! Ulitaka nikuletee nini? Mapovu? Mume wangu hajaingia majini tangu mwezi wa kumi na mbili. Aliinua mtumbwi vibaya, mgongo ukalia. Daktari kasema kitu kimetoka kati ya pingili, akirudi kukaa kwenye mtumbwi na kuvuta uzito, miguu itakufa. Itakufa kabisa, wifi, awe wa kubebwa chooni. Yeye ndiye aliyesema dada asiambiwe, dada ana presha. Mimi meza ingekaa tupu. Wiki tatu tu! Vijana wa boti ya injini wanauza rahisi na hawaulizwi. Sikuwauliza.

Nikamwambia ungeniuliza mimi. Akacheka, kicheko kibaya. Wewe je? Miezi mitatu umeishika nyama ile kwa mikono yako hiyo inayojua kila kitu. Uliuliza?

Nimekasirika mpaka machozi, na sijui namkasirikia nani. Yeye kanidanganya usoni, asubuhi baada ya asubuhi, akiniuliza miguu inaendeleaje. Mdogo wangu anaumwa miezi mitatu na mimi sijui! Nampigia simu kila Jumapili, ananiambia bahari njema dada, samaki wapo. Na mimi sikwenda kumwona, eti kazi nyingi. Kazi gani? Kugombana na simu!

Wifi aliondoka bila kuaga. Kabla hajafika getini akageuka, akasema kesho mgeni wako anakuja. Sema utakalo. Mimi siwezi tena kukuchagulia la kusema.

Jumatano, 26 Machi

Naandika stoo, juu ya gunia la unga. Nimewaambia nakuja, natafuta aproni safi. Bwana Stoo kasimama nje ya mlango kama askari. Haulizi kitu, Mungu ambariki.

Mgeni kafika. Nilitamani awe mjinga, ningepata wa kumtupia. Si mjinga. Mama wa makamo, kucha fupi, viatu vya mtu anayefika mwaloni, boti zinaposhusha samaki. Malalamiko yangu yote kumi na moja anayajua kwa kichwa. Kasema watu wanaotukana programu ni wengi, lakini wewe ulitukana ukaeleza kwa nini. Kanishika mikono yote miwili mbele ya Meneja. Nilitaka kuivuta.

Kanifungulia ukurasa kwenye simu yangu. Swali moja. "Je, unathibitisha kwa jina lako kwamba samaki wa meza hii wanavuliwa kwa mshipi?" Chini yake Ndiyo na Hapana. Kasema hata ukibonyeza Hapana si neno, tutatuma tu mtu achunguze sokoni wametoka wapi. Si neno! Mchunguzi wa baruti haji na shada la maua. Wifi ndiye atakayekutwa na ndoo, si wale wa boti.

Kisha wifi kaingia, na sinia la samaki sita, wazima. Hakuniangalia. Nikajifanya nawapanga kwa ajili ya picha, nikafungua midomo. Wa kwanza ana tundu la ndoana. Wa pili. Wote sita! Nikabonyeza mgongo wa mmoja kwa kidole gumba, mzima, mgumu, nyama imeshika. Samaki safi kabisa. Moyo ukaruka. Nikafikiri labda kanunua kwa mvuvi mwingine, labda kuna njia.

Nyuma yake akaingia mdogo wangu.

Kaja kwa miguu yake, lakini si miguu niliyoijua. Kashika ukuta, kashika meza, kashika beseni la kuoshea, mkono hadi mkono. Shati limelowa chumvi. Nikamkimbilia. Vidole vimechanwa na uzi, vibichi bado. Kaenda yeye. Alfajiri, na mgongo ule! Nikamuuliza kwa sauti ya chini una wazimu? Akaniambia, bado anatabasamu ili mgeni asione: ulishaandika barua, dada. Sikutaka uwe muongo.

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumlaza pale pale sakafuni, kati ya magamba, nimwite daktari. Nikasema aproni yangu chafu, nakuja.

Samaki wa leo ni wa mshipi. Hilo naweza kuapa. Lakini swali si la leo, ni la meza. Na mchunguzi akienda sokoni leo, meza imekwisha, na wifi pengine kaenda nayo.

Nawasikia kutoka hapa, ukuta ni mwembamba. Meneja kamletea mdogo wangu kiti, kakataa, najua kwa nini, akikaa hainuki. Mgeni anamuuliza mambo ya uvuvi, naye anajibu vizuri, kwa furaha hasa, chambo, kina, majira. Sasa mgeni anamuuliza: na kesho utakwenda tena?

Sauti ya mdogo wangu: dada akithibitisha, nitakwenda. Kila siku nitakwenda.

Mgeni kacheka, kasema laiti wavuvi wote wangewasikiliza dada zao. Wananiita. Stoo kagonga mlango mara moja, taratibu. Simu ilikuwa imezima. Nimeiwasha, swali bado liko pale.